Mtoto Anaanza Awali Januari: Nyumbani Mfanye Nini?

Mvua za vuli zinapoanza kulowesha mbuga za Bariadi, Itilima na Maswa, familia nyingi za Simiyu huwa na hesabu mbili kichwani: mbegu ya pamba ya kupanda, na mtoto wa kuandikisha darasa la awali. Hesabu ya kwanza ina bwana shamba wa kuiulizia. Ya pili huulizwa popote: mnadani, kwenye foleni ya zahanati, au jioni nyumbani kwa mwalimu wa awali, akiwa ameshavua viatu na anachambua mchele.

Maswali ni yale yale mwaka hadi mwaka. Mtoto hajui Kiswahili, ataambulia nini? Afundishwe kusoma kabla hajaanza? Ana miaka minne lakini mjanja, apelekwe? Na ni shule gani hiyo ambayo kutwa wanaimba na kucheza? Makala haya yanajibu hayo, kwa mzazi kwanza, kisha kwa mwalimu ambaye atayasikia tena Januari ijayo.

Mwalimu wa awali anayeipenda kazi yake hajulikani kwa sauti nzuri ya kuimba wala kwa michoro ya ukutani. Anajulikana kwa kuwa anafahamu mtoto gani analala kwa bibi, yupi amekuja bila kunywa chochote, na nani kwao anaweza kumsimulia hadithi. Sehemu kubwa ya kazi yake iko kwenye miji ya watu, yaani kaya zao, nje kabisa ya uzio wa shule, na mzazi akilielewa hilo mengine yote huwa mepesi.

Hesabu yenyewe inalazimisha iwe hivyo. Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga Machi 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, walioandikishwa awali nchini kote walitoka takribani milioni 1.07 mwaka 2015 wakafika zaidi ya milioni 1.5. Mtaala unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini katika shule za serikali mwalimu mmoja mwenye sifa amekuwa akibeba zaidi ya 100. Gawanya saa nne za asubuhi kwa watoto 100: kila mmoja anapata dakika mbili na ushee. Mzazi anayemwacha mtoto mlangoni akisema "mwalimu atajua" amemkabidhi kwa mtu mwenye dakika mbili.

Aanze lini?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, pamoja na toleo lake la 2023, inataka kila mtoto apitie mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza. Umri wa awali ni miaka mitano, na darasa la kwanza ni sita. Simiyu ina makosa mawili yanayopingana, na wakati mwingine yote mawili hufanyika kwenye mji mmoja:

- Wa miaka mitatu anafuatana na dada yake, anaketishwa nyuma ya darasa ili mama aende shamba. Anasinzia, anajikojolea, anaichukia shule kabla hajaianza.
- Wa miaka minane bado anachunga ndama kwa kuwa "shule haikimbii". Akija kuingia anawazidi wenzake kimo, na kuimba mbele yao ni aibu.

Kwa mdogo, tafuta kituo cha kulelea watoto mchana kama kipo karibu, na usione haya kuomba uoneshwe cheti cha usajili. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 vituo hivyo viko mikononi mwa Ustawi wa Jamii, na mwenye cheti hatakasirika kuulizwa. Kama hakuna kituo, akina mama watatu wanaopeana zamu wakati wa palizi ni bora kuliko kumficha mtoto nyuma ya darasa. Kwa mkubwa, taja umri wake wa kweli. Mwalimu mkuu ndiye atakayempanga, na aliyevuka umri sana aulizie darasa la MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa walioikosa.

Jambo dogo linalosahaulika: cheti cha kuzaliwa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo, kwenye ofisi ya kata au kituo cha tiba. Kifuate kabla hajatimiza mitano. Ukikikosa, kadi ya kliniki ina tarehe yake ya kuzaliwa, nenda nayo. Usimzuie mtoto nyumbani kwa sababu ya karatasi.

"Hajui Kiswahili, ataelewa nini?"

Hili ndilo linalowatesa wazazi wengi wa Nkololo, Dutwa, Lagangabilili na vijiji vya Meatu. Mtoto amekua na Kisukuma. Darasani lugha ni Kiswahili. Baba mwenye nia njema anaamua: kuanzia Desemba hakuna Kisukuma katika nyumba hii. Siku tatu baadaye mtoto aliyekuwa haishi maswali amekuwa bubu, bibi hajui azungumze nini na mjukuu wake, na Kiswahili kinachosikika nyumbani ni cha amri tupu: njoo, acha, kaa.

Usifanye hivyo. Mtoto anayeweza kusimulia kwa Kisukuma jinsi ndama alivyopotea, alivyotafutwa na alikopatikana, ameshajua kupanga habari kwa mfuatano, kutaja sababu na kukumbuka. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Kiswahili kinachukua vitu vile vile vyenye majina tayari kichwani mwake na kuvipa majina mengine, na kwa kuwa lugha hizi ni ndugu, maneno mengi ya nyumbani huyadaka haraka. Asiye na la kusimulia kwa lugha yoyote ndiye mwenye shida, na shida hiyo haitibiwi kwa kumpiga marufuku bibi yake.

Kinachohitajika kabla ya Januari ni sentensi chache za Kiswahili za kumlinda mtoto katika siku zake za kwanza:

- Shikamoo, mwalimu.
- Naitwa fulani, baba yangu ni fulani, tunakaa mahali fulani.
- Naomba kwenda chooni.
- Nina kiu.
- Naumwa hapa.
- Sijaelewa.
- Amenipiga.
- Sitaki, nitamwambia mama.

Ya chooni iwe ya kwanza. Watoto wengi wanaogoma kurudi shule siku ya pili hawakushindwa masomo. Walibanwa, hawakujua waseme nini, wakajilowesha, wakachekwa.

Sentensi hizi hazifundishwi kwa kukaririshwa. Mtume kwa Kiswahili wakati wa kazi: "Nipe kikombe." "Weka ndoo karibu na mlango." "Leta vijiti viwili." Anaona kikombe, anaona ndoo, maana inamwingia bila mtu kutafsiri. Kaka au dada wa darasa la nne ni mwalimu mzuri wa hili, mradi asipewe fimbo.

Mkoa wenyewe una mfano. EQUIP-Tanzania, mpango wa kuinua ubora wa elimu uliofadhiliwa na Serikali ya Uingereza kuanzia 2014 hadi mwanzoni mwa 2020, ulikuwa na Simiyu miongoni mwa mikoa yake ya mwanzo. Mwaka 2015 ukaanzisha mafunzo ya utayari wa shule kwa watoto ambao hawajapata awali: wiki 12 mwanzoni, baadaye wiki 16. Waliofundisha walikuwa vijana wa jamii hiyo hiyo, waliopewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi. Kijana wa pale kijijini alikuwa na kitu ambacho mwalimu aliyetoka mbali hakuwa nacho: hadithi ikimkwama mtoto kwa Kiswahili, aliweza kumfungulia kwa lugha ya nyumbani, kisha wakarudi kwenye Kiswahili na kuendelea.

Mwalimu uliyepangiwa Simiyu ukitokea Mbeya au Tanga, chukua somo hapo. Jifunze angalau "mwangaluka", salamu ya asubuhi, na majina ya vitu ishirini vya nyumbani. Mketishe anayejua Kiswahili karibu na asiyejua. Na mtoto akikujibu kwa Kisukuma jibu sahihi, jibu hilo ni sahihi. Lipokee, kisha mpe kwa Kiswahili.

Dakika kumi na tano za jioni

"Sisi wakulima, muda wa kufundisha tunautoa wapi?" Hakuna anayeomba muda mpya. Kazi za nyumbani za Simiyu zimejaa masomo ya awali. Zinahitaji mtu mzima anayezungumza huku mikono ikifanya kazi.

- *Kuku wanapoingia bandani.* Hesabuni pamoja. Akikosekana mmoja, uliza: walikuwa tisa, wameingia wanane, nani hajarudi? Hiyo ni hesabu ya kutoa, na ina maana kuliko yoyote ya ubaoni.
- *Kupukuchua mahindi.* Vidole vinavyopukuchua vinapata nguvu ya kushika penseli. Mpe gunzi dogo, si debe zima.
- *Kutenga michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa vibichi na vilivyochemshwa kwanza.* Hivi huku, hivi kule. Vikubwa huku, vidogo kule. Kutenga kwa sifa ndiko kunakotangulia herufi, maana b na d zinatofautishwa na upande tu.
- *Kufinyanga ng'ombe kwa udongo.* Uliza ng'ombe huyu anakwenda wapi, dume ni yupi, nani anawachunga. Acha aongee.
- *Shikome.* Moto wa jioni ambao wazee wa Kisukuma hukusanyia watoto na vijana haujafa kila mahali. Pale ulipo, ni darasa. Pale usipo, jiko la kupikia ugali linatosha. Hadithi moja, vitendawili viwili, halafu swali: wewe ungefanyaje?
- *Kujihudumia.* Avae mwenyewe, anawe mwenyewe, ajue kutumia choo cha shimo bila kuogopa. Mwalimu wa watoto 100 hawezi kufunga vifungo 400.

Kama nyumbani kuna kitabu kimoja tu, hata cha dini au cha kaka yake, kishike, mwoneshe kinavyofunguliwa na maandishi yanakoanzia. Inatosha kwa sasa.

Mbona wanacheza tu?

Hapa ndipo mwalimu wa awali anapopoteza wazazi. Mzazi anapita uzioni saa nne asubuhi, anakuta watoto wako nje, wengine wanaruka kwenye miraba iliyochorwa chini, wengine wanapanga visoda. Anauliza moyoni kama hii ndiyo shule au ni "vidudu" wanaopotezewa muda. Jioni anafungua daftari, halina hata alama moja ya vema. Mwezi unaofuata mtoto anahamishwa mahali ambapo wa miaka mitano wanajaza ukurasa mzima wa herufi moja.

Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulijengwa juu ya umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Kipindi kimoja kilipangwa dakika 20, kwa kuwa mtoto wa umri huo hakai zaidi. Mtaala ulioboreshwa, ambao madarasa ya awali yalianza kuutumia Januari 2024, haukuondoa mchezo. Kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kina ni kazi ya darasa la kwanza na la pili.

Kwa hiyo mzazi anayepita uzioni aangalie tena. Kuruka miraba ni kuhesabu kwa miguu. Kupanga visoda vyekundu na vyeupe kwa zamu ni mpangilio, na mpangilio ndio mzizi wa hesabu na wa herufi. Wimbo wenye maneno yanayoishia sauti moja unazoeza sikio kutenganisha sauti; asiyezisikia hatajua herufi zinasimamia nini. Kungoja zamu ni somo pia, na kuna watu wazima wangefaidika nalo kwenye foleni ya mnada.

Kama unataka kujua darasa ni zuri au la, tembelea siku moja asubuhi, salimia, kaa nyuma, utazame haya:

1. Watoto wanazungumza, au mwalimu peke yake?
2. Kuna vitu vya kushikwa kwenye kona za ujifunzaji, au vimetundikwa juu visiguswe?
3. Mwalimu anawaita kwa majina?
4. Akikosea mtoto, anaelekezwa au anachekwa?
5. Fimbo iko wapi?

Swali la tano lina uzito wake. Mtoto wa miaka mitano anayechapwa kwa kukosea anajifunza kunyamaza. Ukiiona fimbo inatumika, zungumza na mwalimu kwanza, kisha mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata. Na uhakikishe nyumbani kwako haiko mlangoni kwa kazi hiyo hiyo.

Akirudi jioni, usimuulize "umeandika nini leo?" Muulize "mmecheza nini?" na "ulicheza na nani?" Utajibiwa kwa dakika kumi.

Vifaa vipo, ila si vyote salama

Mwalimu wa awali wa kijijini hasubiri vifaa vya dukani. Anaokota. Visoda, magunzi, mabua ya mtama ya kutengenezea magari, vibuyu vidogo vya kupiga kama ngoma, makopo ya mchanga, matambara ya kushonea mpira. Chaki hupatikana hata za Maswa, zilizotokana na mkakati wa mkoa wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake. Kwa chaki moja sakafu ya saruji inageuka ubao wenye nafasi kwa watoto thelathini.

Wazazi wanaweza kuokota pamoja naye. Lakini Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na pamba inaleta hatari ambazo orodha za vifaa zilizoandikwa kwa ajili ya kila mkoa hazizitaji:

- Mbegu za pamba za kupanda zikishatiwa dawa si za kuhesabia. Zinavutia kwa rangi na ukubwa, na mtoto hutia kitu mdomoni kwanza, mengine baadaye.
- Chupa na makopo ya viuatilifu hayawi ndoo za mchanga, hayawi ngoma, hayabebi maji ya kunywa, hata yakioshwa mara saba.
- Pampu ya kunyunyizia iliyoegeshwa ukutani si kifaa cha kuigizia.
- Betri za redio na tochi zilizokufa zisiletwe darasani.
- Visoda vyenye kingo kali vigongwe kwanza kwa jiwe.

Mwalimu aliyetuma watoto "leteni mbegu za kuhesabia" bila kusema mbegu zipi, ategemee kuletewa zile zilizo karibu. Taja: maharage, mahindi ya kula, kokwa za maembe. Na wachunge wasiziingize puani. Haragwe moja ndani ya pua ni safari ya zahanati.

Njia, uji na afya

Miji ya Wasukuma imetawanyika, na kutembea hadi shule ya msingi ni mbali kwa miguu ya miaka mitano. Ulizia kwanza kama kuna shule shikizi, yaani tawi la shule ya msingi, karibu. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilizotolewa 2021 zilijumuisha madarasa 3,000 ya shule shikizi nchini, na vijiji vingine bado havijui kwamba darasa lililojengwa pale linaweza kupokea mtoto wa awali.

Mtoto asitembee peke yake. Mito ya msimu inajaa kwa saa moja wakati jua linawaka, kwa kuwa mvua imenyesha mbali. Kandokando ya Serengeti na Pori la Akiba Maswa tembo huingia vijijini, na fisi wamewahi kushambulia watoto mkoani humu. Kundi la watoto wa kitongoji kimoja, likiongozwa na mkubwa wa darasa la sita, liondoke pamoja wakati kumeshapambazuka sawasawa. Mwalimu mwenye busara hamwadhibu aliyechelewa kwa kusubiri mwanga.

Uji ni jambo la pili. Mtoto aliyekula mara ya mwisho jana jioni hana masikio saa nne asubuhi. Pale kamati ya shule na wazazi walipokubaliana, kila mji huchangia debe la mahindi au mtama wakati wa mavuno, Mei na Juni, kabla ghala halijapungua. Kuomba mchango huo Februari, wakati wa njaa na palizi, ni kutafuta ugomvi. Pale ambapo hakuna makubaliano bado, kiazi kitamu kilichochemshwa mfukoni kinatosha, na kikombe cha uji nyumbani kabla ya kuondoka kinatosha zaidi.

Kwa afya, angalia haya kabla ya kufungua shule:

- Chanjo: kadi ya kliniki ikaguliwe, hasa dozi mbili za surua.
- Minyoo na kichocho. Kanda ya Ziwa ina kichocho, na watoto huchezea maji ya malambo. Mkojo wenye damu si dalili ya "kukua". Ni safari ya zahanati.
- Macho na masikio: mwite kwa sauti ya chini akiwa ametazama pembeni, mwoneshe kitu kilicho mbali. Wengi wanaoitwa wazito hawasikii tu.
- Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na kiti cha mbele, na asirudi nyumbani bila mtu mzima.
- Kunawa: kibuyu chirizi kimoja nyumbani, cha dumu na kamba, kinamzoesha kile atakachokikuta shuleni.

Mtoto mwenye ulemavu naye anaandikishwa. Wazazi wengine humficha wakidhani shule itamkataa. Mpeleke mapema, Oktoba au Novemba, ili mwalimu mkuu awasiliane na afisa elimu maalumu wa halmashauri kabla darasa halijajaa.

Wiki za kwanza

Watalia. Mwalimu anajua. Anayemchelewesha mwalimu ni mama anayerudi dirishani mara tatu kuangalia kama amenyamaza.

Aga mara moja, waziwazi, useme ni lini utarudi kwa kitu anachokijua: "nitakuja mkishakunywa uji." Kisha ondoka, na urudi kweli. Kumtoroka akiwa anatazama pembeni kunamfundisha kwamba akikuondolea macho unapotea, na kesho atakushika nguo. Usimtishe pia kwa jina la mwalimu: "nitakusemea kwa mwalimu" ni sentensi inayomfanya mwalimu kuwa askari kabla hawajafahamiana.

Ikiwa wiki ya tatu imeisha na bado analia kila asubuhi, usimwache nyumbani "apumzike". Kaa na mwalimu mjue sababu. Mara nyingi ni ndogo: choo kinatisha, mtoto fulani anamfinya, haelewi anachoambiwa. Wakati mwingine si ndogo, na ndiyo maana lazima muulize.

Halafu inakuja Mei, msimu wa pamba. Mahudhurio yanaporomoka kwa kuwa dada anachuma na mdogo anaachiwa mtoto mchanga. Panga mapema nani atabaki na mchanga. Awali ni mwaka mmoja tu. Wiki sita za mavuno ni sehemu kubwa yake.

Kwa mwalimu: nenda kwao kabla hawajaja kwako

Mzazi anayeitwa shuleni hudhani kuna kosa au mchango. Mkutano wa kwanza ukiwa wa michango, umewapoteza kwa mwaka mzima. Walimu wanaofanikiwa na familia za Simiyu huanza upande wa pili:

1. Desemba au Januari, tembelea kitongoji kimoja kwa alasiri moja, ukiongozana na mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe wa kamati ya shule. Salimia wazee kwanza. Usiende na karatasi ya madeni.
2. Uliza maswali matatu tu: mtoto analala kwa nani, anapenda kufanya nini, na ana tatizo gani la afya. Andika baada ya kuondoka, si mbele yao.
3. Sema jambo moja zuri kuhusu mtoto kabla ya lingine lolote.
4. Zungumza na baba pia. Kumwachia mama kila kitu ni kosa la kawaida, na baadaye baba ndiye anayeamua kama mtoto aende kuchunga.
5. Bibi asisahaulike. Kwenye miji mingi yeye ndiye mlezi wa mchana, na ndiye mwenye hadithi. Mwalike darasani asimulie moja. Atakuja, na kesho yake kitongoji kizima kitajua mnachofanya pale.

Pale ambapo Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWW, uliundwa, utumie. Pale ulipolala, uamshe kwa kazi inayoonekana: kuezeka kibanda cha kuchezea, kuchimba choo kidogo chenye tundu la kiasi cha mtoto. Wazazi ambao hawajui kusoma watakuja kwenye kazi hizo kwa kichwa juu, kwa kuwa hakuna atakayewapa karatasi waisome mbele za watu.

Usiahidi usichoweza. Watoto 100 huwezi kuwatembelea wote kwa muhula mmoja. Anza na wanaokosa mara kwa mara.

Fedha

Shule ya awali ya serikali haina ada. Sare, daftari na penseli ni za mzazi. Uji ni makubaliano ya wazazi. Mtoto hafukuzwi kwa kukosa mchango, na mzazi akiambiwa vinginevyo ana haki ya kuuliza kwa mwalimu mkuu, kisha kwa Afisa Elimu Kata. Sare ya kaka iliyokatwa na kupindwa inatosha. Viatu vinaweza kusubiri bei ya pamba.

Ukikwama, umwone nani

Tangu Desemba 2021 nchi ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Inawaunganisha watu wa afya, lishe, ujifunzaji, malezi na ulinzi kwa ajili ya mtoto wa kuanzia sifuri hadi miaka minane. Kwa mzazi, maana yake ni kwamba watu hawa wana wajibu wa kumsikiliza:

- Lishe, chanjo, ukuaji: mhudumu wa afya ngazi ya jamii au zahanati.
- Malezi, kituo cha mchana, mtoto aliyetelekezwa: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.
- Darasa, mwalimu, michango: mwalimu mkuu, kamati ya shule, Afisa Elimu Kata.
- Ukatili: namba 116, simu ya mtoto isiyotozwa, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Na mwaka ukiisha, kabla hamjafunga Desemba, mwombe mwalimu wa awali akueleze kwa mdomo mambo mawili: mtoto anaweza nini, na nini bado. Mwombe amweleze hayo hayo mwalimu wa darasa la kwanza. Shule nyingi hazifanyi makabidhiano hayo mpaka mzazi aulize, na mwalimu mpya huanza upya kumtafuta mtoto ambaye mwenzake wa chumba cha pili anamfahamu vizuri.